Njia Mbili za Wana wa Tuttle

Kaka zangu wawili walijenga njia mbili za reli mahali palipohitaji moja, na mtu akiwasifu kwa kazi hiyo mbele yangu, mimi huondoka mezani. Hapa bondeni watu wanapenda sana kuwasifu. Kila Mei ikifika tarumbeta hutolewa, kofia hupigwa brashi, na mzee fulani ambaye siku zile alikuwa bado ananyonya husimama kutueleza jinsi mashariki na magharibi ya Amerika zilivyopeana mikono kule mlimani. Mimi nilikuwepo wakati wa kujenga. Niliwapikia wajenzi hao maharage mpaka mvuke wake ukaingia kwenye nywele zangu. Walichopeana nilikiona kwa macho.

Mkubwa aliitwa Alpheus. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu za kinabii, na akiomba apitishiwe chumvi ungedhani anafungua ibada. Mdogo ni Lorin, mfupi, mwepesi wa mdomo, mtu wa kukuuzia farasi wako mwenyewe na ukamshukuru. Mimi Keturah nilizaliwa katikati yao, na kazi hiyo ya kuwa katikati sikuiomba.

Ugomvi wao ulianzia kwenye mtaro wa maji. Huku kwetu Utah mvua ni uvumi tu. Kila shamba lina zamu yake ya kufunguliwa maji, na jirani anaweza kukusamehe ukimwibia ng'ombe lakini si ukimwibia zamu. Kiangazi kimoja zamu ya Alpheus ilifika, maji hayakufika. Yalikuwa yanastarehe kwenye viazi vya Lorin. Lorin akasema fuko ametoboa ukingo.

"Basi fuko huyo anavaa buti," Alpheus akasema, "na kisigino chake cha kushoto kimelika kama chako."

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kanisani Mama alikaa katikati, mmoja kulia kwake, mwingine kushoto. Wakitaka kuambizana kitu walimpitishia yeye. "Mama, mwambie mwanao amekalia kitabu changu cha nyimbo." "Mama, mwambie mwanao akisogeze basi." Na Mama, mzee wa watu, anasogeza kitabu mwenyewe.

Husemwa ndugu wakigombana, wewe shika jembe ukalime. Kwetu waliogombana ndio walioshika majembe.

Mwaka ule nzige walishuka wakala ngano yote, wakala na nguo zilizoanikwa. Wakati huohuo kampuni mbili za reli zilikuwa njiani, moja ikitokea Magharibi, upande wa California, nyingine ikitokea Mashariki, na zote mbili zilitaka watu wa kuvunja miamba na kujaza matuta. Askofu wetu akasema ni riziki. Alpheus akachukua kandarasi ya kampuni ya Magharibi. Lorin, ambaye wiki ileile alikuwa ametangaza kwamba reli ni kazi ya walevi, alipopata habari akatandika farasi, akaenda Ogden, akarudi akiwa mkandarasi wa kampuni ya Mashariki.

Mimi nilikuwa mjane. Rufus wangu alikuwa ameondoka na homa, hakuniachia mtoto. Alpheus akaja akanisimamia mlangoni.

"Keturah, watu wangu wanahitaji kula."

"Watu wako wana mikono."

"Wana mikono, lakini ukiona wanachofanya na unga utalia."

Nikaenda. Njaa ya nzige haimwachii mtu nafasi ya kuringa.

Kambi yetu ilikuwa kwenye mteremko wa mashariki wa mlima wa Promontory, ziwa la chumvi likimeremeta chini kama bati. Watu wa Alpheus walikuwa wanafanya kazi kutoka juu kushuka. Watu wa Lorin walikuwa wanapanda kutoka chini. Tulidhani watakutana. Mtu yeyote mwenye akili ya kuku angedhani watakutana, kisha kazi iishe, kila mtu arudi kwake apande ngano. Siku walipoonana, vijana wa pande zote waliweka sururu chini na kupungiana. Wengi walikuwa wa kanisa moja, wengine mtu na shemeji yake. Mmoja akapiga kelele, "Haya, leteni keki!"

Kisha wakatazama vigingi. Vigingi vya upimaji vya kampuni ya Magharibi vilikuwa vinaendelea kushuka hadi bondeni. Vya kampuni ya Mashariki vilikuwa vinaendelea kupanda mpaka kileleni na kupita. Kati ya mistari hiyo miwili ungeweza kurusha jiwe bila kujikaza. Watu wakakwaruza vichwa, wakaokota sururu, wakapitana kama mahasimu sokoni, huyu anashuka, yule anapanda, kila kundi likichimba palepale wenzao walipokwisha kuchimba, pembeni kidogo tu.

Nikamwuliza Alpheus, "Hii ni nini?"

"Kazi ni kazi. Serikali inajua inachofanya."

"Serikali ina macho? Hebu ije isimame hapa nilipo."

"Keturah, wewe pika."

Nikapika. Lakini kwa Lorin hakukuwa na mpishi, kulikuwa na kijana wa Provo aliyechemsha maharage hadi yakarudi kuwa udongo. Ndipo mlipuaji wake wa baruti alipoanza kupanda kuja kwetu wakati wa chakula. Alikuwa Mdenishi, Jeppe Mikkelsen, mpana wa mabega, mwenye nyusi zilizoungua zisiote tena. Lugha ya watu wa huku ni Kiingereza, na yeye alikuwa anakivunjavunja kama mwamba.

"Dada Keturah," alisema siku ya kwanza akiwa ameshika sahani, "supu yake mzuri sana. Bomba yake mbaya."

Alikuwa anasema bomba la jiko langu, lililokuwa likinifukizia moshi usoni. Akapanda kwenye hema akalitengeneza. Siku ya pili akakuta kitu kingine cha kutengeneza. Baada ya muda nikawa navunja vitu mwenyewe.

Alpheus hakupenda. "Yule ni mtu wa Lorin."

"Yule ni mtu mwenye njaa."

Jeppe alikuwa na desturi moja. Kabla ya kuwasha utambi wa baruti alisimama juu ya jiwe akageukia upande wetu, akapaza sauti, "Baruti! Baruti! Watu wa Alpheus, kimbia!" Alingoja hadi aone wote wamejificha. Jambo hilo lilimkera Lorin, kwa kuwa kila mara kazi yake ilisimama wakati kaka yake akitembea polepole makusudi, mikono nyuma, kofia ndefu kichwani, kama mtu anayekagua bustani.

Siku moja Lorin akamwambia, "Leo usiwaite. Miguu wanayo."

"Mimi naita, au mimi siwashi."

"Basi toka." Lorin akachukua kiberiti akawasha yeye.

Nilikuwa nakoroga chungu. Nikasikia mlio, kisha mbingu ikafanya giza la mawe. Jiwe moja kubwa kama kichwa cha mtu likaingia katika chungu changu, likatokea upande wa pili. Jingine likaua nyumbu aliyekuwa amefungwa karibu na mahema. Hakuumia mtu, kwa rehema za Mungu tu. Alpheus akasimama juu ya nyumbu yule kama ni mwanawe.

"Mwambieni mwana wa Tuttle," akasema, "kwamba hata mimi nina baruti."

"Wewe pia ni mwana wa Tuttle," nikamwambia. Hakunisikia.

Sasa nikueleze habari za mabwana wapimaji. Kila kampuni ilikuwa na mhandisi wake pale mlimani. Wetu aliitwa Bwana Strickland, wa Lorin aliitwa Bwana Fenn. Walivaa buti zisizoguswa na tope. Sijui walitembea wapi. Mbele za watu walikuwa hawatazamani. Lakini Jumapili, Watakatifu wote (ndivyo tunavyojiita watu wa kanisa letu) wakiwa kwenye ibada kule chini, Bwana Fenn alipanda hadi kwenye hema langu la jikoni, akakaa na Bwana Strickland, wakanywa kahawa yao na kula nyama yangu. Walikuwa wamesoma chuo kimoja. Walizungumza mbele yangu kama unavyozungumza mbele ya jiko.

Nilipowasikia mara ya kwanza nilimwambia Alpheus. Akasema, "Hukuelewa. Mambo ya wahandisi yana kina."

Basi nikaona nimsikilizishe mwenyewe. Nilipeleka neno kwa Lorin kwamba aje jikoni Jumapili, kuna jambo la Mama. Nikamwambia Alpheus vivyo hivyo. Mama ndiye kamba pekee iliyobaki kuwafunga, na nilijua wataacha hata ibada. Wakafika karibu kwa wakati mmoja, wakaonana, wakageuka kuondoka.

"Atakayetoka hapa namwambia Mama," nikasema. Wanaume wazima, ndevu hizo. Wakasimama.

Nikawasukuma nyuma ya magunia ya unga, wote wawili, kila mmoja akijibana asimguse mwenzake, na magunia hayakuwa mengi.

Mabwana wakaingia. Nikawapa nyama.

"Watu wako wamefika wapi?" Bwana Strickland akauliza.

"Wamepita mwamba wa pili. Yule mfupi nilimwambia tu kwamba kaka yake amemtangulia nusu maili. Tangu hapo halali."

"Na mimi nilimwambia wangu hivyohivyo!"

Wakacheka hadi Bwana Fenn akapaliwa na kahawa.

"Na Washington wanasemaje?"

"Wataamua wakichoka kula. Itachaguliwa njia moja. Nyingine tutawapa sungura. Lakini hadi hapo serikali inalipia kila maili, ya kwako na ya kwangu."

"Mungu aibariki serikali."

"Amina. Unajua, yule wako mrefu, akisimama na ile kofia, mimi humwona kama bomba la jiko lililojifunza kusali."

"Na wako je? Jogoo asiye na banda."

"Labda tungewaambia," Bwana Strickland akaongeza, lakini alikuwa ameshajaza mdomo.

"Ya nini? Ng'ombe ukimwambia shamba hili halitapandwa, ataacha kuvuta plau?"

Walikula, wakafuta midomo, wakaondoka. Hakuna aliyesema ahsante. Nikasogea kwenye magunia. Nilijua nimemaliza kazi. Nilijua wataibuka wakiwa moto, wakumbatiane, washuke kule chini wawaambie watu watue sururu.

Wakaibuka wameng'aa kwa unga. Lorin alikuwa anatetemeka, na nilidhani ni hasira. Ilikuwa kicheko.

"Bomba la jiko!" akasema. "Lililojifunza kusali! Yesu wangu, nife sasa."

"Afadhali bomba," Alpheus akasema, "kuliko jogoo asiye na banda."

Ilikuwa mara ya kwanza wanasemezana moja kwa moja tangu mambo ya mtaro.

"Nyie!" nikapiga kelele. "Hamkusikia? Wanawachezea! Mnachimba bure! Itabaki njia moja tu!"

Nikaona neno limewaingia. Alpheus akajipangusa ndevu taratibu, akamtazama ndugu yake.

"Ndiyo," akasema. "Itabaki moja."

"Yangu," Lorin akasema.

"Tutaona."

Wakatoka, mmoja mlango wa mbele, mwingine akapenya chini ya turubai upande wa nyuma ili asifuate nyayo za mwenzake. Nimeishi miaka mingi, nimesikia watu wakisema kwamba binadamu akiujua ukweli atawekwa huru. Labda binadamu mwingine. Wana wa Tuttle walipoujua ukweli waliongeza zamu za kazi.

Siku chache baadaye Alpheus akawaamuru watu wake watoboe mwamba uliokuwa juu kabisa ya mkato wa Lorin, ule mfereji aliopasua mwambani kupitishia reli. Mapipa ya baruti aliyoshindilia mle yangetosha mlima mzima. Msimamizi wake, Ndugu Cobb, akamwambia, "Ndugu Tuttle, hii ikishuka itashukia wale."

"Miguu wanayo," Alpheus akajibu. Mtu mwingine alikuwa amempelekea maneno ya Lorin, bila shaka.

Bwana Strickland alikuwa amesimama hapo. Akatoa darubini akaanza kutazama ziwa.

Mimi sikusikia mtu yeyote akiita. Nilikuwa naosha masufuria, na nilichokiona kwanza ni maji yakirukaruka ndani ya karai. Kisha mlio. Kisha nikaona bega la mlima likijivua kama mtu anayevua koti, likashuka lote juu ya njia ya Lorin.

Nilikimbia nikiwa na kitambaa mkononi. Vumbi lilipotulia watu wa Lorin walionekana wakitambaa kutoka huku na huku, wakikohoa, wakihesabiana. Aliyekosekana ni Jeppe. Alikuwa ndani ya mkato akisafisha tundu la baruti. Tukamwona. Kifua na kichwa vilikuwa nje, mkono mmoja nje, na mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya jiwe lenye ukubwa wa jiko la kanisa.

Kaka zangu wakafika, mmoja kutoka juu, mmoja kutoka chini, wakasimama Jeppe akiwa katikati.

"Umeniulia mtu wangu!" Lorin akasema.

"Mimi sijafa," Jeppe akasema.

"Mtu wako alikuwa ndani ya mstari wangu," Alpheus akasema.

"Mstari wako? Kigingi chako kiko wapi?"

"Kiko hapo chini ya kifusi!"

"Kilichopo chini ya kifusi ni kigingi changu!"

Na haki ya Mungu, wakainama. Wakaanza kufukua kwa mikono. Kwa muda nilidhani wanamfukua Jeppe. Walikuwa wanatafuta kigingi.

Sijui nilisema nini. Walioniona wanasema sikusema kitu. Nilichukua beleshi kwa mtu aliyekuwa karibu nikaanza kuchimba, na nilipoinua macho Ndugu Cobb alikuwa kushoto kwangu, yule kijana mpika maharage alikuwa kulia, na watu wa kambi zote mbili walikuwa wamechanganyika, wanapeana mawe mkono kwa mkono, hakuna anayeamrisha. Wakaleta magogo, wakaliinua lile jiwe. Jeppe alinishika kiganja, akakikaza hadi vidole vyake vikaacha alama.

"Suruali," akaniambia, "mpya."

Baada ya hapo akazimia, na ilikuwa afadhali, kwa sababu daktari wa kampuni alipokuja alikuja na msumeno.

Mabwana wapimaji nao walifika. Bwana Fenn akavua kofia, akasema ni bahati mbaya sana. Kisha akaivaa akamwuliza Lorin kifusi hicho kitaondolewa lini, maana mkato umeziba na kampuni ina haraka.

Lorin akasema, "Kufikia Ijumaa."

Hapo ndipo nilipomaliza kuwa mpishi wa reli. Nilizima moto. Nilipakia unga uliobaki katika gari, na juu ya magunia nikatandika magodoro ya Alpheus. Nilihitaji nyumbu wawili. Nikachukua mmoja wa kambi yetu, nikateremka nikachukua mwingine wa kambi ya pili. Watu wakamlaza Jeppe polepole kama yai. Nilipopita njiani, Alpheus akatoka mbio.

"Keturah! Nyumbu wangu huyo!"

"Na yule wangu!" Lorin akaita kutoka ng'ambo. "Huwezi kumchukua!"

"Hawezi," Alpheus akasema.

Hilo ndilo neno la kwanza waliloafikiana. Niliwatazama wote wawili, nikamchapa nyumbu.

Nilimfikisha Jeppe kwa Mama. Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Uzazi wa watoto kama hao humfanya mtu aweke akiba. Alimwona mgonjwa, akaniuliza kilichotokea, nikamweleza chote, pamoja na habari ya kigingi. Akaendelea kuchana shuka za kufungia kidonda.

"Nilidhani nimezaa wana wawili," akasema mwishowe. "Kumbe nilizaa mmoja nikamkata katikati, na hakuna nusu iliyopata ubongo."

Jumapili iliyofuata waliteremka kuja kanisani, wakakaa mahali pao, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakaacha nafasi katikati. Mama akaingia. Akawapita. Akakaa benchi la mwisho pamoja nami, nafasi ile ikabaki wazi kati yao ibada nzima, na hakuna aliyethubutu kuisogelea. Mpaka anakufa hakuirudia.

Washington ikaamua masika ileile. Njia zingekutania kileleni. Maana yake ni kwamba kila kitu alichojenga Alpheus kwenye mteremko wa mashariki, kila mwamba na kila tuta, kilikuwa cha sungura, kama walivyosema. Bwana Strickland alimjulisha akiwa juu ya farasi, hakushuka. Alpheus alirudi nyumbani, akafunga mlango, akakaa ndani na kofia kichwani. Lorin alipita mbele ya nyumba hiyo na gari lake mara nyingi kuliko shughuli zake zilivyohitaji.

Siku ya sherehe mlimani walikwenda wote. Mimi sikwenda, Jeppe alikuwa na homa. Lakini nimeisikia kiasi kwamba naweza kuihutubia. Wakubwa walifika kwa garimoshi, wamevaa makoti meusi. Msumari ulikuwa wa dhahabu. Mkubwa mmoja akainua nyundo, akakusanya nguvu za taifa zima, akapiga, akaukosa. Akampa mwenzake naye akakosa. Bara zima lilikuwa limepasuliwa kwa nyundo na watu ambao hawakualikwa kusogea karibu. Wachina wa kampuni ya Magharibi walioziweka reli za mwisho walikuwa wamekwisha kuondolewa machoni pa mpiga picha. Kaka zangu pia hawamo katika picha ile. Lorin alidai maisha yake yote kwamba kiwiko kinachoonekana pembeni ni chake. Nimekitazama kiwiko hicho. Ni cha mtu yeyote.

Ushindi wa Lorin nao haukuiva. Mahali ambapo Alpheus alikuwa amejaza korongo kwa mawe na udongo, Lorin alikuwa amelivuka kwa daraja la mbao, haraka haraka, ili awahi. Treni ikipita, daraja lilicheza kama kitanda cha nyumba ya wageni. Wasafiri walisali wakifika hapo, hata wasio na dini. Haikupita muda mrefu kampuni ya Magharibi, iliyoinunua sehemu hiyo ya njia, ikalitelekeza, ikahamishia reli kwenye tuta la Alpheus. Siku hiyo Alpheus alivaa kofia yake, akapita mbele ya nyumba ya Lorin kwa miguu, polepole, mikono nyuma. Akarudi. Akapita tena.

Mimi nikaolewa na Jeppe. Alijichongea mguu wa mti wa mtufaha uliozeeka, akapanda mapichi nyuma ya nyumba, na hadi leo hakuna bomba bovu katika mtaa wetu. Miaka kadhaa baada ya harusi Alpheus alikuja akasimama langoni kwetu. Alikuwa ameshika kofia mkononi, na mimi sijawahi kumwona hivyo nje ya kanisa. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye ndevu.

"Ndugu Mikkelsen," akasema.

"Ndugu Tuttle."

Akatazama miti, akatazama mguu, akatazama miti tena.

"Mvua imechelewa mwaka huu."

Jeppe akafikiri. "Ndiyo, Ndugu. Imechelewa."

Alpheus akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akaenda zake. Nikamgeukia mume wangu. "Hiyo ndiyo toba? Mguu mzima, na yeye anakuletea habari za mvua?"

"Mtu yule mzito," Jeppe akasema. "Ametoa kile anacho."

"Ana kidogo."

"Ndiyo. Kidogo sana." Akarudi kupogoa miti.

Jeppe alimsamehe. Mimi nilimpikia chakula cha msiba alipokufa, na chakula kilikuwa kizuri, na hayo ndiyo yote aliyopata kwangu.

Mwaka jana kampuni ilijenga njia mpya, ikakatiza moja kwa moja juu ya ziwa, magogo kwa magogo, na treni kubwa haziupandi tena ule mlima. Habari zilipofika bondeni, Lorin alikuja kwetu kwa mkongojo. Amezeeka, meno yamebaki ya kuhesabika. Akakaa barazani bila kukaribishwa.

"Umesikia, Ketu?"

"Nimesikia."

"Hawapiti kwangu, hawapiti kwake. Wanapita majini." Akatikisa kichwa. "Majini! Na yeye hayupo. Ningalimwambia, 'Haya, bomba la jiko, tuta lako liko wapi?' Angenitukana wiki nzima." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Sasa nimwambie nani?"

Nilimtazama akilia. Nimengoja kwa miaka mingi kumwona mmoja wao akilia kwa ajili ya lolote, na alipolia ikawa ni kwa kukosa wa kumcheka. Nilitaka kumwambia hivyo. Jeppe akanitazama kutoka kwenye kiti chake, nikaingia ndani nikaleta bakuli la mapichi, nikamwekea magotini.

"Kula," nikamwambia, "kisha uende kwako kabla jua halijawa kali."

Akala yote. Kisha akauliza kama yapo mengine.